Kitambaa Kidogo

Karani Dalgarno, mwandiko wako umenitoa jasho.
Herufi ya "s" umeirefusha kama shingo ya bata bukini,
na jina letu umeliandika namna nne katika kurasa tatu:
Gilruth, Gilroth, Kilrooth,
na mara moja, mwaka ule wa njaa, G. tu,
kana kwamba hata wino ulikuwa wa kupimwa kwa kijiko.

Sikulaumu. Mimi nami nilikuwa karani,
kiwanda cha jamu, Dundee, miaka thelathini na mmoja.
Najua mkono unavyochoka ikikaribia Ijumaa
na sifuri zinavyoanza kulala kifudifudi.

Hapa chumba cha kumbukumbu tunaruhusiwa penseli tu.
Kijana wa zamu ananitazama
kama mtu atakayetafuna karatasi.
Nimekuja kutafuta watu, nimekuta ada.
Ubatizo, peni tatu. Tangazo la ndoa, shilingi mbili.
Parokia yako ya Kilmorrach haikuandika nani amekufa;
iliandika nani amekodi kitambaa cha kufunikia jeneza:
kikubwa cha mahameli, shilingi nne,
cha sufu, mbili,
kidogo, cha watoto, moja na nusu.
Maskini aliyezikwa bila kufunikwa, kwa hesabu yako, hakufa.
Yuko mahali fulani bado, anachimba viazi.

Kisha Machi, 1794:
"Isobel Gilruth amesimama mbele ya waumini,
Jumapili ya tatu, miguu mitupu.
Ameulizwa jina la baba wa mtoto. Amenyamaza."
Ya nne: amenyamaza.
Ya tano: amenyamaza, na hapo kalamu yako imekwaruza karatasi.
Ulikuwa na hasira, Dalgarno, au uliona haya?

Bibi yangu naye alikuwa hivyo. Ukimbana kwa maswali
alilitazama birika mpaka uondoke mwenyewe.
Nikacheka peke yangu. Kijana akakohoa.
Miaka sita nimemtafuta Isobel kwa tarehe.

Mei, mtoto wa kiume, David, amebatizwa.
Novemba: "Isobel Kilrooth. Kitambaa kidogo. Bado."

Basi, umeishia hapo.
David aliishi, la sivyo nisingekuwepo kukusumbua.
Kilimfunika nani, basi?
Pacha ambaye hukumwandika?
Au mama mtu, mwanamke mzima,
akapitishwa kwenye tope na nusu ya mbao ziko wazi
kwa sababu cha sufu kilikuwa shilingi mbili?

Safu ile ya "Bado" nimeifuata mpaka mwisho wa kitabu,
mpaka mwandiko wako ukawa wa mtu mwingine,
mnene, ulionyooka, usiomjua mtu.
Shilingi moja na nusu. Hakuna aliyeisamehe,
hakuna aliyeilipa.

Kule kiwandani deni kama hilo lilininyima usingizi.
Dawa ya deni kulipa, sawa, lakini nimlipe nani?
Kanisa lako limeuzwa. Mle ndani wanauza mazulia.

Nimefungua daftari langu, nimenakili mstari wote
pamoja na makosa yako,
nikachora safu kwa ukingo wa tiketi ya treni
na kuandika: Imelipwa. Netta Gilruth.
Ncha ikakatika kwenye nukta.
Bila kuuliza, kijana wa zamu
akanisogezea kichongeo.