Dumu Literemshwe

Hapa Mingoyo, njia inapopasuka,
huku Mtwara, huku Masasi, kule Lindi mjini,
mwaka wa tisa nimeshika bomba,
na neno langu la kwanza kwa mteja si salamu.
Ni: zima.

Zima injini, kaka. Zima na hiyo sigara,
usiifiche kiganjani kama mwanafunzi,
moshi nauona unakutoka puani.
Nanyi wa bodaboda, shukeni.
Shukeni wote: bibi, mtoto, na kuku wenu.
Tangi hilo mmelikalia kama mkeka,
likikasirika mtakimbia na miguu ya nani?

"Dada, tuna haraka."
Najua. Msimu wa korosho nani hana haraka?
Pesa ya mnada inawasha mfukoni,
lakini huo ni moto wa maneno.

Leo kaja Bwana Nampembe wa Ruangwa,
Noa yake nyeupe, vumbi hadi kwenye nyusi.
Kafungua buti: dumu la njano
limekaa juu ya zulia kama bwana harusi.
"Jaza papo hapo."
Literemshe.
"Jaza, mama, mgongo unaniuma."
Literemshe chini, baba, kwenye ardhi.
Akacheka, akawageukia waliokuwa foleni:
"Mwanamke huyu anaogopa dumu!"

Ninaliogopa.
Zulia lina umeme wake, mkavu, wa siri,
ndugu wa ule unaokutekenya gizani
ukivuta shuka la nailoni, ukacheka na mwenzio.
Cheche yake haifiki punje ya mtama.
Inatosha.
Ardhi huumeza umeme huo; zulia huulea.

Na petroli, wanangu, haina subira.
Haikai ikangoja moto uje kuichumbia.
Hutoka yenyewe, haina miguu wala kivuli,
ikatambaa chini, chini kabisa,
ikapita kati ya ndala za watu
kwenda kulitafuta jiko la mamantilie.

Mjomba wangu Nakachindu, pale Nyengedi,
aliiuza kwenye chupa za maji ya kunywa,
amezipanga mezani, zinang'aa kama chai iliyopauka.
Usiku mmoja akampimia mtu wa pikipiki.
Kibatari kilikuwa hatua nne kutoka mkononi mwake.
Alizihesabu. Aliamini hatua nne ni nyingi.
Leo anakula kwa mkono wa kushoto,
na wageni wasiojua humwona hana adabu.

Hayo sikumwambia Bwana Nampembe.
Nilisimama tu, bomba limening'inia,
foleni ikapiga honi hadi barabara ya Masasi.
Akaliteremsha. Kwa hasira, lakini akaliteremsha.
Nikagusisha mdomo wa bomba kwenye mdomo wa dumu,
chuma hakikuachana na shingo yake,
nikaacha petroli ishuke polepole kama uji wa mgonjwa.
Sikulijaza hadi juu.
"Umenipunja!"
Hujapunjwa, soma mashine.
Hiyo ni nafasi yake ya kupumua,
jua la njia ya Ruangwa litalivimbisha.
Funga kifuniko. Kaza. Kaza tena.
Akaondoka, asante hakuniachia.
Aliniachia matone matatu sakafuni,
nikayafukia kwa mchanga wa ndoo nyekundu.

Saa moja usiku nafika nyumbani.
Sare naivulia uani, naitundika kambani,
maana harufu hii nimebeba na nyuzi zake.
Zulfa anatoka jikoni mbio, mikono wazi,
nyuma yake mkaa umefumbua macho.
Ngoja, namwambia. Bado sijanawa.
Anasimama, mwanangu, amezoea.
Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu,
ananionyesha kwa vidole: hatua nne, mama.

Ongeza, namwambia.
Ongeza nyingine.