Betri ya Tatu

Juzi Maskati wamembadilishia bibi betri ya moyo,
ya tatu hii, ndogo kuliko kokwa mbili za tende.
Daktari kasema: miaka kumi.
Bibi Zuwena kauliza, "Dhamana ya nani, yangu au yake?"

Leo tumerudi Ibra, kakataa kulala.
Anataka shamba. Namshika kiwiko
tunapita pale ilipofia pampu ya dizeli,
ile iliyokohoa usiku kucha utotoni mwangu
hadi kisima kikakauka koo.
Juu yake paneli ya jua, kimya,
haiwajui wazee wake.

"Chuma hakizai," nasema.
Bibi anacheka. "Kamuulize Rafiqul."
Kweli: fundi Rafiqul aling'oa nozeli
akaitia pampu ya watu wa Mudhaibi, ikaamka.
Gurudumu sasa linazuia lango la mbuzi.
Ndani ya tangi lenye kutu
ndege kataga mayai matatu.

Mtende wa khalasi umeinama, kilele kimenyauka,
na miguuni machipukizi manne
yanamsukuma mama yao kama watoto kwenye foleni.
"Hili," bibi anaonyesha kwa bakora. "Taratibu, usimjeruhi."
Napiga mtaimbo. Jasho. Mchanga.
Mche unatoka na mizizi yake,
mzito kama mtoto aliyelala.

"Utazaa lini?"
Anahesabu kwa vidole, anarudia,
mkono mwingine juu ya kovu jipya.
"Minne. Tuseme mitano.
Basi betri inatosha,
na chenji itabaki."