Paa la Tatu Kutoka Mnara

Watu sita. Sheria ni sita,
wa saba anaugeuza msafara kuwa mkutano.
Nawahesabu pale gatini, saa moja kasorobo,
kabla jua halijapanda bei:
bwana na bibi harusi wa Nachingwea, bado wanaitana "wewe";
mwalimu wa Newala na mwavuli wa kampuni ya simu;
mapacha wa chuo cha uuguzi, viatu vipya, malengelenge yako njiani;
na Bwana Nambulapi, mpima ardhi mstaafu,
futi yake kiunoni kama jambia.

Karibuni Lindi, nasema. Jina langu Somoe.
Tutatembea, tutapanda boti, tutarudi na kiu.

Hapa palikuwa na duka la vitambaa;
nyumba imeondoka, ngazi zimebaki,
zinapanda hadi hewani. Ngazi kumi na moja.
"Kumi na mbili," anasema Bwana Nambulapi.
"Ya chini imezikwa na mchanga."
Anaukwangua kwa ncha ya kiatu. Ipo.
Wenzake sasa wanamtazama yeye.

Mtaa wa nyuma, ming'oko inachemka.
Muuzaji ananikonyeza: wageni jero, wewe tutaongea.
Ghala la korosho limefungwa, msimu bado,
lakini sogeza pua mlangoni,
mafuta ya maganda yatakukwaruza koo.
"Lilijengwa mwaka gani?" Nataja mwaka.
"Kwa unene wa ukuta huu, ongeza ishirini."
Nameza mate. Kazi hii ina kumeza kwingi.

Kisha ule mlango.
Kila mtu huupiga picha: maua ya kuchongwa,
misumari ya shaba, imebaki minne.
Nimejizoeza kuusema kwa sauti ya mtu asiyehusika:
mfano mzuri wa ufundi wa zamani,
familia moja bado inaishi ndani.
Leo ukafunguka katikati ya sentensi.
Akatoka mama na beseni la maji ya vyombo,
akawatazama wageni, akanitazama mimi.
"Somoe, ile hela ya luku umetuma?"

"Na hii," nikasema, "ndiyo familia moja."
Wakacheka wote. Mama hakucheka.
Alisubiri jibu, beseni mkononi.

Boti ya Chande ni ya faiba, mashine farasi kumi na tano,
majaketi yananuka dagaa.
Tunakata maji kuelekea Kitunda;
pantoni inatupita na pikipiki, magunia ya mkaa,
mbuzi mmoja aliyegoma kusimama na wenzake.
Katikati Chande huzima mashine. Mimi ndiye niliyemfundisha.
Hapa ndipo husema: geukeni, utazameni mji.

Wakageuka.
Na mimi, ambaye kila siku huwatazama wao wakitazama,
nikageuka.

Mabati. Kutu, fedha, kutu.
Mnara wa msikiti, mnara wa simu,
mlima umeegemea nyuma kama mtu anayesubiri zamu.
"Kwenu ni wapi?" akauliza bibi harusi.
Nikanyoosha kidole. Kikaenda kulia, kikarudi,
kikasimama hewani kama zile ngazi.
Miaka saba ya maneno,
na paa letu silioni.

Bwana Nambulapi hakuigusa futi.
Alifumba jicho moja, akainua dole gumba.
"Anzia mnara wa msikiti, siyo ule wa simu.
Njoo kushoto. La kwanza. La pili lina tairi juu yake.
La tatu. Pembeni linapepea shuka la njano;
mlango ulipofunguka nililiona uani."

Lilikuwepo. Dogo kama stempu.
Nikamsubiri aongeze mwaka, unene, kosa langu.
Hakuongeza kitu. Alifuta miwani,
maji ya chumvi yalikuwa yameirukia.

"Kwa hiyo," mwalimu akauliza chini ya mwavuli,
"hiyo hela ya luku umetuma?"

Chande akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.
Akavuta tena.
Nikatoa simu, nikaiinua juu ya vichwa vyao sita,
nikitafuta mtandao
wa ule mnara mwingine.