Kwanza Niwake

Saa kumi na moja alfajiri, Uyole, mwezi wa saba.
Umande umeganda juu ya siti.
Nabonyeza stata: nge… nge…
kimya.

Fundi Ambakisye aliniambia, spana mdomoni:
"Betri ni ng'ombe, bwana. Humkamui kabla hajasimama.
Zima taa. Zima redio. Chomoa chaja ya simu,
na hivyo vimulimuli ulivyofunga ubavuni kama uko harusini.
Piga kiki tatu kavu, swichi ukiwa umeizima,
oili ilegee.
Ndipo uiombe."

Nazima kimoja kimoja.
Redio ilikuwa inataja bei ya viazi; nayo nazima.
Kiki.
Kiki.
Tusekile yuko mlangoni, kitenge mabegani:
"Na ada ya Lusajo? Na marejesho ya kikoba, si leo?"
"Mke wangu," nasema, "kwanza niwake."

Anyamaza. Anaizima taa ya barazani.

Tunabaki gizani, sisi wawili na chuma baridi.
Nashika klachi, nabonyeza:
ikakohoa, ikakataa,
ikakubali.

Taa nikaiwasha mwisho.
Akaonekana yeye, bado kasimama palepale,
na swali lake.