Kuteremka Nyando

Tulitoka Fort Ternan umande haujakauka,
Achola mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake.
Changarawe hii haina adabu:
inakung'ata viganja, inakutikisa hadi magego,
kisha kwenye kona inakuachia ghafla
kama mdai aliyechoka kudai.

Reli iko pembeni. Treni hupita ikikumbuka.
Mataruma yamemezwa na nyasi,
ng'ombe wanavuka bila kutazama kushoto wala kulia.
Penye daraja hakuna njia ila juu yake.
Baba aliyahesabu moja moja kwa nyundo;
mimi nayahesabu kwa makalio.

Kabla ya Koru tairi la Achola likapumua: fyuuu.
Tukashuka mtoni, tukazamisha tyubu kwenye maji ya udongo,
tukangoja mto utuonyeshe kitundu.
Ukatuonyesha.
Viputo vitatu, kama mtoto anayejaribu jina lake.

Kibigori, saa saba, harufu ya miwa iliyoungua.
Jukwaani mwanamke ameanika mahindi
kutoka dirisha la tiketi hadi ilipokuwa kengele.
Akatutazama, vumbi hadi kwenye kope.
"Mmechelewa," akasema,
akachukua ufagio,
akasogeza mahindi
nafasi ya baiskeli mbili.