Chumba cha Upande wa Kaskazini

Odile hushona amevaa glavu
alizozikata ncha kwa mkasi wake mwenyewe.
Vidole vyachungulia humo, vyekundu,
vifaranga walioanguliwa msimu usio wao.
Chumba hiki tulikiongeza mwaka wa themanini na tisa;
mabomba ya joto ya nyumba hayakukifikia,
nami nikasema, "Mwakani."
Nimesema mwakani mara thelathini na nne.

Nje, mto umeganda.
Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine,
na katika nchi hiyo, ghorofa ya pili, kuna taa ya Bernadette,
dada yake.

Mezani vipeperushi vimelala kama karata.
Chema chajiuza, husemwa;
mbona hivi vyote vimenifuata
hadi kwenye sanduku la barua?
Mashine nyeupe, nyembamba, ya kutundikwa ukutani,
haihitaji mabomba ya hewa, haihitaji dari kupasuliwa:
tundu moja tu, la kupitisha ngumi.
Kuna ndogo, ya kati, na kubwa.
Nilitaka kubwa.
Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita;
injini ndogo mlimani ni aibu ninayoijua.

Rosaire Pelletier akaja na futi kamba.
Akapima, akagonga kuta asikie kama zina pamba,
akaweka kiganja chini ya dirisha
na kukiacha pale, kimya, kama tabibu.
"Ndogo," akasema.
"Ndogo?"
"Mashine kubwa katika chumba kidogo ni mgeni mlafi.
Hula upesi, huaga, huvaa koti,
na kabla hajafika langoni
amesharudi kuuliza kama kuna kilichobaki.
Kila hodi utailipia.
Ndogo hukaa. Hunong'ona mpaka asubuhi."

"Na ikifika nyuzi thelathini chini ya sifuri?"
Akanionyesha jedwali, ukucha wake umepasuka:
hapa inatoa nguvu zote, hapa robo tatu,
hapa inaanza kuhema.
"Usiuze jiko lako la kuni," akasema,
na kwa neno hilo moja nikamwamini.

Sehemu ya nje aliitaka chini ya dirisha,
juu ya miguu ya chuma, theluji isiifikie.
Bomba la shaba fupi, bei nafuu.
Odile, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akakata uzi kwa meno.
"Hapo hapana."
"Theluji haitaifunika, mama."
"Sisemi theluji. Inatoa mvuke?"
"Ikijiyeyusha barafu, ndiyo. Dakika chache."
"Basi hapana."
Akanyoosha sindano kuelekea mtoni.
"Saa tatu usiku Bernadette huzima taa mara mbili.
Nami huzima mara mbili.
Tangu amzike Lucien."

Miaka arobaini na moja nimelala nyumba hii.
Sikujua.

Ikawekwa ukuta wa mashariki, bomba likazunguka kona,
dola mia nne zaidi.
Ya ndani ikatundikwa juu ya mlango,
isimpulizie mikono, isimpeperushie vitambaa.
Sikubishana. Nilihesabu noti
na Rosaire akajifanya anatafuta bisibisi.

Usiku wa baridi ya kwanza ya kweli
nilitoka na viatu vya theluji kuikagua.
Ilikuwa imeota ndevu nyeupe.
Ikanyamaza. Nikasema, haya, imekufa.
Kisha ikashusha pumzi ndefu, kama farasi,
maji yakadondoka, ikaendelea na kazi yake.

Ng'ambo: giza, mwanga, giza, mwanga.
Nikageuka.
Juu yangu, katika nyumba yangu,
giza, mwanga,
giza, mwanga.
Nikasimama hadi masikio yakapotea.

Ndani, glavu zilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha,
tupu, viganja juu.
Odile alikuwa kwenye pindo la mwisho la mfarishi.
"Umefunga mlango?" akauliza.

Nilikuwa nimefunga.
Lakini bado nasema ile kubwa
ingefaa gereji.