Wa Tisa

Daktari Kuratomi amenipiga ganzi kinenani
na kunionya nisitikisike.
Nacheka. Kwa miaka yangu sabini na minne
nitakimbilia wapi,
na mrija mwembamba kama tambi
unapanda ndani yangu, kimya, ukitafuta njia?

Kwenye skrini naona mishipa:
ramani ile ile ya mifereji ya Shiroishi
iliyobandikwa ukutani pale chama cha wakulima,
ila hii haina majina ya wenye mashamba.

"Uvimbe unakunywa hapa," ananionyesha kwa kidole,
"kwenye ateri. Ini lenyewe, lile zima,
hunywa zaidi kwenye mshipa mwingine.
Ndiyo maana dawa tunaipitishia huku."
Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.
Miaka arobaini nimelima mizizi ya yungiyungi, kiuno topeni;
namjua jirani anayefungua lango usiku
na mfereji unaomnywesha.

Hakusema nitapona.
Alisema, "Tutaona,"
neno ninalowaambia wanunuzi wangu
kimbunga kikitangazwa.

Siku ya majibu, Sumie alilia kwenye maegesho,
mkono mlangoni, funguo mdomoni.
Mimi habari ile haikunikata maini.
Kazi hiyo ilikwisha kufanywa zamani,
na sindano.

Uwanja wa shule. Barafu nyembamba kwenye ndoo.
Muuguzi mmoja, sindano moja,
pamba moja yenye spiriti:
anachoma, anafuta,
anachoma, anafuta.
Walitupanga kwa kimo, wafupi mbele.
Mimi wa tisa.
Wa nane, Kitajima Fumio,
aliyekuwa akinimegea nusu ya kiazi chake kitamu
na kubaki na nusu ndogo.

Fumio alikufa na miaka hamsini na miwili,
njano hadi kwenye weupe wa macho.
Mazishini, wenzangu wakiomba, mimi nilihesabu:
nane, tisa.
Nane, tisa.
Tangu siku hiyo nikamwekea kinyongo
maiti asiyejua kitu,
mtoto aliyekunja mkono wa shati alipoambiwa akunje.
Huenda hata hakuwa yeye. Huenda alikuwa wa tatu.
Nani atajua? Pamba ile ilitupwa.

Sasa rangi inaingia;
joto linanitambaa tumboni
kana kwamba mtu amemwaga chai ndani.
Kisha dawa. Daktari anasukuma taratibu,
msaidizi anasoma mililita kwa sauti,
kama msichana anayehesabu mayai dukani:
sita. Saba. Nane. Tisa.
Nangoja anyamaze hapo.
Kumi, anasema.

Kumi.

Sijawahi kufika kumi.
Wa kumi alikuwa Kozono Minoru,
shingo kama shina la kitunguu.
Alifumba macho kabla zamu yake haijafika
akashika pindo la fulana yangu, nyuma,
nami nikamwambia, "Haiumi,"
sindano ikiwa inatoka mkononi mwangu
kwenda kwake.

Alihamia Osaka baada ya shule. Alioa, nadhani.
Kadi za mwaka mpya zilikoma kuja, sikuuliza kwa nini.
Miaka yote hii nikitazama aliye mbele yangu,
mgongo wangu ulikuwa na mtu.

"Umeumia?" Daktari ameyaona macho yangu.
"Hapana," namjibu. "Endelea."

Nitashushwa, nitalala chali saa sita bila kukunja mguu.
Siku tano kichupa cha mpira kitaning'inia kiunoni
kikinidondoshea kilichobaki.
Sumie yuko nje, ana chenza mfukoni
na suruali yangu, ameikunja mara nne.
Nitamwomba anitafutie namba.

Akipokea mtu mwingine, nitasema mimi ni nani.
Akipokea mwenyewe,
sijui.
Nitamuuliza huko kwao kama kuna baridi.